Kinanda Kizima, Macho Mabovu

Mpendwa mama mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na nakusihi usinitaje popote, maana kanisani kwetu ukurasa wako unasomwa kuliko matangazo.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha, na Jumapili napiga kinanda kwenye kwaya ya vijana. Nimeokoka, sijawahi kuwa na msichana, lakini kuna dada mmoja anaimba sauti ya kwanza, ni mwalimu wa chekechea, na tangu ajiunge nasi macho yangu hayatulii, mama, nikiyatoa kwake nashtukia yamesharudi, na si kumwangalia kwa kumpenda tu, ni kule kumwangalia ambako mtu hawezi kumsimulia mama yake mzazi, mpaka napiga noti za ajabu, na mwalimu wa kwaya akadhani kinanda kimeharibika akaita fundi, fundi akakifungua chote akasema hiki ni kizima kabisa, na mimi nimesimama pale namshikia bisibisi huku jasho linanitoka.

Shetani akanidanganya nikaandika karatasi bila jina, nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni: "Dada wa sauti ya kwanza avae kwa heshima, anakwaza ndugu." Gauni lenyewe ni la bluu, linapita magoti, ndilo analofundishia watoto. Wazee wa kamati wakampa kitenge ajifunge juu yake. Akajifunga, akaendelea kuimba. Nikajua nimepona, kumbe wapi, nikamwangalia na kitenge chake. Nikatumbukiza karatasi ya pili, wakamwongezea sweta kwenye joto lile, nikamwangalia na sweta. Karatasi ya tatu, wakamhamishia mstari wa nyuma kabisa, nyuma ya kaka mmoja mrefu wa besi, na mimi shingo ikaniuma wiki nzima.

Sasa limenifika shingoni kwelikweli. Baada ya wiki tatu tunafungua jengo jipya la kanisa, na wimbo wa ufunguzi kautunga yeye, alikuwa auongoze yeye. Wazee wamempa mtu mwingine kwa sababu ya "malalamiko ya waumini", na hao waumini ni mimi peke yangu. Jumapili mbili hajaonekana. Mdogo wake ameniambia dada yake hataki tena kwaya wala kanisa, eti hajui asimame vipi mbele za watu. Je, mama, nihame kanisa kimyakimya, au nimwombee tu kwa siri? Na hivi akina dada wao hawana wajibu wa kutusaidia?

Mpiga Kinanda

*

Marahaba, Mpiga Kinanda. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hiyo shingo jamani! Mara ya pili nilikasirika, na hasira haijaisha.

Pole kwanza. Uko kwenye umri wa mambo hayo, damu inachemka, hilo halikufanyi kuwa mtu wa ajabu. Na hongera kwa kusema ukweli. Baada ya hapo kaa vizuri nikuambie. Shetani muache apumzike, zile karatasi uliziandika kwa mkono wako.

Umemvisha kitenge, ukamvisha sweta, ukamficha nyuma ya besi. Kila kitu kimebadilishwa isipokuwa wewe. Hebu niambie, kazini ukiwasha mashine ya kuchomelea unafanya nini? Unavaa miwani yako. Hujawahi kulifunika geti la mteja blanketi ili macho yako yasiungue. Ikifika Jumapili, hiyo akili unamwachia nani? Wala sisemi binti wa watu ni moto. Moto ni wako, unatembea nao.

Unauliza kama akina dada wana wajibu. Wanao! Kujisitiri ni jambo jema, na dada anayechagua nguo makusudi ili kaka ahangaike, kisha akafurahia, naye ana la kujibu mbele za Mungu. Lakini wajibu ni wa pande zote. Nyinyi mnaokuja ibadani na suruali zilizobana mpaka kupiga magoti ni shida, nani aliwaletea sweta? Huyu dada sehemu yake alishaitimiza siku nyingi kwa lile gauni la bluu. Iliyobaki ni yako.

Kuhama, hapana. Kumwombea kwa siri baada ya kumchafua hadharani, hapana tena. Wiki hiihii nenda kwa mwenyekiti wa kamati, mwambie karatasi zote tatu ni zako na wimbo urudishwe kwa mwenyewe. Kisha simama mbele ya kwaya nzima, maana kwaya nzima ilimwona akihamishwa. Sema kwa ufupi. Usianze kueleza ulivyomwona, utakuwa unamdhalilisha upya. Yeye muombe msamaha mbele ya mama mlezi wa kwaya, usimfuate peke yake, na tafadhali usichanganye msamaha na posa! Kinanda kigeuze kitazame ukuta. Na tafuta kaka mmoja mwenye msimamo, kila wiki umpe taarifa macho yako yameendaje.

Utaaibika, ndiyo. Aibu hiyo ni yako, umembebesha mwenzio muda mrefu mno.

*

Mama mshauri, shikamoo tena. Nimefanya!

Mwenyekiti aliponisikia akasema, "Na sisi wazee tumekosa. Tumeamini karatasi isiyo na jina, binti yetu hatukumuuliza hata neno." Siku ya mazoezi mama wa kwaya akaja na yule dada. Nikasimama, nikasema karatasi ni zangu, tatizo lilikuwa macho yangu na si nguo zake, nisamehe dada. Mara yule kaka wa besi akasema, "Na mimi nilizifurahia zile karatasi. Nisamehe na mimi." Akainuka mwingine, na mwingine.

Dada akatutazama wote. Akasema, "Nimewasamehe. Nguo za heshima nitavaa kama nilivyolelewa, navaa kwa ajili ya Mungu wangu. Macho yenu mtayalinda wenyewe, mimi nina wimbo wa kuongoza." Akina dada walipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Sisemi nimekuwa malaika. Kila Ijumaa nampa taarifa kaka wa besi, na yeye ananipa yake, maana kumbe naye alikuwa na zake. Lakini jana, mama, siku ya ufunguzi! Yule dada alisimama mstari wa mbele na gauni lake lilelile la bluu, bila kitenge wala sweta. Mimi nilitazama ukuta uliopakwa rangi juzi, nikamsikia. Mwaka mzima nimemwangalia, nilikuwa sijawahi kumsikia. Ile sauti ilipopanda, kanisa lote lilisimama, wazee wa kamati wakiwa wa kwanza, na vidole vyangu vikaenda naye mpaka mwisho, sikukosea hata noti moja.

Tulipokuwa tunafunga vyombo, mwalimu wa kwaya akaja akanipiga begani.

"Naona kinanda kimepona," akasema.