Usiguse Mrija wa Tangi la Samaki

Baba Watoto,

Chai iko kwenye thamosi, haina sukari. Sukari yote umeichanganya na hamira kwenye chupa yako ya kutengenezea gesi ya kulishia mimea ya tangi. Halafu asubuhi ukanifokea mbele ya watoto, eti sijui lolote. Haya, bingwa! Mapovu ya gesi yako yalikuwa kama wewe: makubwa, yanapanda juu mbio, yanapasuka bure, mimea haiambulii kitu. Nimeuhamishia mrija wa gesi kwenye mdomo wa pampu ya tangi, pale inaponyonya maji. Sasa inayasaga, yanatoka laini kama vumbi na kuzunguka tangi zima. Usiguse!

~~Usiniombe msamaha.~~ Niombe, tena mbele ya watoto.

Samaki wameshakula. Wewe jipikie.

Mkeo, asiyejua lolote