Boya Limejaa, Mshono Umeshika

Jumamosi, Rahaleo. Mvua ya tangu alfajiri imekatika. Nimelala mchana, jambo ambalo nilikuwa siliwezi kwa wiki kadhaa.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa kemia chuoni. Natafuta kimiminika ambacho kikipita tu kwenye kichocheo hugeuka gesi, bila moto, ili boya la uokoaji lijae upesi chombo kinapozama. Shida yake ni joto. Kikiwa kikali, gesi inaunguza. Ukikizimua mno kwa maji, kinagoma.

Mwezi uliopita boya la majaribio lilipasuka ufukweni Msimbati, likamuunguza mkono Dada Hadija, mshonaji wetu. Mkuu wa mradi aliponiuliza, nikasema mshono ulikuwa dhaifu.

Haikuwa kweli.

Nilikuwa nimekichanganya kikali mno ili boya lijae haraka, nipate sifa. Hadija akaondolewa kazini. Akarudi kwenye shamba lake la mihogo bila kuniuliza neno.

Tangu hapo nimekuwa nikikizimua, kidogo kidogo, hadi juzi gesi ikatoka vuguvugu. Lakini lilibaki boya moja tu, na alilishona Hadija. Nikaona siwezi kulijaza bila yeye kuwepo. Jana nikaenda kwake. Nikamkuta barazani anamenya mihogo, nikamweleza yote.

Aliendelea kumenya. Kisha akasema, "Nilijua, Madamu. Mshono ule haukufumuka, uliungua. Nilikuwa nangoja useme wewe."



Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alinawa mikono, akajitanda mtandio, tukaenda wote ufukweni na boya. Tulisimama mbali, nikavuta kamba ya kufungulia kimiminika. Boya lilijaa polepole kuliko nilivyozoea, lakini likajaa. Hadija akalisogelea, akaupapasa mshono mwanzo hadi mwisho, mwishowe akaliegemezea shavu.

"Limepoa kama chai iliyosahaulika," akasema, akacheka.

Nikakaa mchangani.

Palepale nikampigia mkuu wa mradi, nikakiri, Hadija akisikia. Mkuu alikasirika, na ana haki. Amesema Hadija arudi kazini, na mimi Jumatatu nifike na maelezo ya maandishi. Huenda nikaondolewa. Ajabu ni kwamba hilo halininyimi usingizi.

Sijui Jumatatu itaniletea nini. Barua nimeshaiandika, na jina la aliyekosea limo kwa kirefu.