Mkono Ambao Hukuubusu

Ngome ya Valdorna, mpakani mwa Leon,
siku ya tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martinho

Kwa kaka yangu Soeiro Ermiges,

Salamu kwako na kwa shemeji Toda. Natumaini jongo limekuacha, maana nataka usimame kwa miguu yako mwenyewe. Mimi ni mzima. Nguruwe tumeshachinja, na divai mpya tumeionja, ni chachu.

Barua yako nimeipata. Unanitaka niwafungulie lango watu wa mfalme wa Ureno watakapokuja, eti damu ni nzito kuliko maji. Ngome hii nilikabidhiwa na mfalme wa Leon, nikaapa mikono yangu ikiwa ndani ya mikono yake. Damu ungeikumbuka miaka saba iliyopita, mfalme wetu wa Ureno aliponinyima mnara niliourithi kwa mama, nami nikaamua kumwacha. Desturi yetu unaijua: anayemwacha mfalme humtuma muungwana mwenzake akambusu mkono kwa niaba yake na kutamka kwamba kuanzia leo fulani si mtu wako tena. Bila busu hilo, ukimtumikia mfalme mwingine wewe ni msaliti, na kichwa chako ni halali ya yule uliyemwacha. Nilikutuma wewe. Ukarudi ukaniambia yamekwisha.

Wiki iliyopita tulimteka Gomes Pais, mpiganaji wenu wa farasi. Nilimweka mezani kwangu kwa heshima, nikamkatia mkate, akausukuma. Nikamuuliza kulikoni.

"Sili na msaliti," akasema.

Nikamwambia mkono ulibusiwa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Na nani, bwana? Mimi nilikuwepo. Kaka yako alipiga magoti, akasema umetoroka kama mwizi wa kuku, akaomba mnara. Akapewa siku hiyohiyo."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imefika miaka saba. Muda wote huo nimepigana na watu wa kwetu, wengine nimewazika, nikijiona msafi. Nakuchukia, kaka, na sioni haja ya kulizunguka neno hilo.

Lakini nami nina langu. Desturi inataka mjumbe arudi na mashahidi wawili. Wewe ulirudi peke yako, na hukunitazama machoni. Niliona. Sikuuliza, kwa sababu farasi niliyepewa na mfalme wa Leon alikuwa tayari zizini kwangu, na nilikuwa nimeshampenda. Nilichagua kukuamini.

Juzi nilimrudishia mfalme wa Leon funguo zake na kumweleza yote. Gomes nimemwachia huru, na kesho tunaondoka pamoja kwenda kwenye baraza la mfalme wa Ureno. Nitaubusu mkono ule mwenyewe, niyatamke maneno yaliyokushinda, kisha nikuite upigane nami mbele ya wote. Watu wangu wanasema nitakatwa kichwa kabla sijamaliza kusema. Huenda. Ila Gomes ameapa kueleza alichokiona, na hapo mfalme atakuwa na shingo mbili za kukata.

Msalimie shemeji Toda, na umwambie ukweli leo, asije akausikia kwangu.

Ni mimi ndugu yako, tumbo moja,
Fernão Ermiges