Nilinunua Kadi Bila Kuiona Ikikamuliwa

Jumapili, Agosti, Kaaga, Meru. Manyunyu tangu asubuhi, na ile baridi inayopita chini ya mlango bila kubisha. Shule zimefungwa, kwa hivyo sina hata wanafunzi wa kulaumu.

Nimekasirika. Naandika haya nikiwa na koti ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na mbele yangu kuna kompyuta iliyotolewa ubavu mmoja kama mbuzi wa Krismasi.

Wacha nikiri kwanza. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nina miaka hamsini na mmoja, ninavaa miwani mbili kwa zamu, na kila Jumapili saa kumi jioni huwa naendesha trekta ambalo halipo. Ni mchezo wa kompyuta wa ukulima. Unanunua shamba, unapanda ngano, unavuna, unaosha trekta. Shamba langu halisi, ile robo ekari nyuma ya nyumba, lina magugu ya kufika magotini. Lile la kwenye skrini ni safi kama shuka la hospitali. Kendi, mke wangu, aliacha kuuliza zamani.

Lakini silimi peke yangu. Binti yetu Makena yuko Uingereza, anatunza wazee, na shamba hilo ni letu sisi wawili. Tumelilima miaka minne, yeye akiwa kwake na mimi kwangu, tukiongea kupitia vidude vya masikioni.

Kwa simu ya kawaida mimi na Makena hatuwezani. Umekula, nimekula. Kuko baridi, kuko. Mama yuko, yuko. Dakika mbili zimeisha na kila mtu anaangalia ukuta wake. Lakini mpe trekta, nami nimfuate nyuma na mashine ya kupanda, ataniambia kila kitu: yule bibi aliyefariki kwenye zamu yake, bosi anayemnyima likizo, vile alivyolia kwenye basi watu wakajifanya hawaoni. Haniangalii, simwangalii, sote tunaangalia mstari wa mbegu. Ni hapo tu ndipo najua kuwa baba yake.

Sasa, mwezi uliopita mchezo ulitoka upya. Makena akaninunulia kama zawadi. Nikaufungua kwa furaha, na kompyuta ikaniandikia, kwa adabu kabisa, kwamba kadi yangu ya grafiki haitoshi.

Kadi ya grafiki ni kile kipande cha ndani kinachochora picha kwenye skrini. Yangu ni ya zamani hivi kwamba ilikuwa ikichora ngano kama ufagio. Mimi nilikuwa nimezoea. Mchezo mpya haukukubali kuzoea.

Makena hakulalamika. Alisema tu kwamba wenzake wa kazini wameanza shamba lao, wanacheza Jumapili saa ileile yetu, na wamembakishia nafasi yeye. Atawaambia wangoje mpaka leo, Jumapili hii. Aliongea polepole, kama mtu anayemwambia mzee kwamba kiti chake kimehamishwa. Akamaliza hivi: "Isipowezekana, Baba, tutakuwa tunapigiana simu."

Dakika mbili kwa wiki.

Ndiyo maana nimekuwa kichaa wa kadi mwezi mzima. Na kama hujawahi kutafuta kadi ya kompyuta nzee, umshukuru Mungu. Majina yake ni kama namba za magari. Mbili zinatofautiana herufi moja tu, na hiyo herufi moja ndiyo inayoamua kama utalima au utalia. Niliangalia video za vijana wa nje wakifungua maboksi na kusema hii ndiyo ya watu wasio na kitu, halafu wanataja bei ya ndama wa gredi, yule wa maziwa mengi. Niliingia kwenye jukwaa la wachezaji nikaeleza hali ya mashine yangu. Mmoja akanijibu, "Mzee, hiyo si kompyuta, hiyo ni urithi."

Shida yenyewe ni hii. Kompyuta yangu ilikuwa ya ofisi huko ng'ambo, ikaletwa Kenya kwa kontena pamoja na dada zake, nami nikainunua mjini Meru ili niandike mitihani. Kasha lake ni jembamba kama kitabu cha nyimbo. Kadi za kawaida haziingii. Na pawasaplai yake, yaani kile kidude kinachogawa stima ndani, ni dhaifu na haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kwa hivyo nilihitaji kadi fupi, nyembamba, isiyokula sana. Kwa maneno mengine, nilikuwa natafuta mchumba.

Nilikata kipande cha katoni kwa vipimo kamili na kuzunguka nacho maduka yote ya Meru mjini. Wenye maduka wananitolea kadi kama matofali, mimi nawawekea katoni juu yake, natikisa kichwa, naondoka. Kufikia duka la tano nilikuwa nimejulikana. Mama mmoja wa duka la simu aliniuliza kama hiyo katoni ni ya kuuza.

Mwishowe nikampata bwana mmoja Embu. Alikuwa na ukumbi wa michezo ya kompyuta, ukafungwa, na sasa anauza mali yake kutoka nyumbani. Alikuwa na kadi tatu za kipimo changu. Tatu! Nilimpigia Makena siku hiyohiyo nikamwambia Jumapili aniwekee mbegu tayari.

Embu ni mbali na mimi sina gari, lakini ndugu yangu mkubwa, Mutwiri, ana pikapu. Mutwiri anakaa Kanyakine na kazi yake ni kununua na kuuza ng'ombe wa maziwa. Kwetu mtu haendi kununua kitu kikubwa peke yake. Unaenda na jicho la pili. Nikamwomba anipeleke jana Jumamosi, na akakubali bila kuuliza kadi ni nini. Njiani nilimweleza hadi Chuka, nusu ya safari. Alisikiza yote, kisha akauliza swali moja tu, kwamba huyo mtu anaiuza kwa nini.

Tulipofika, yule bwana alikuwa amezipanga kadi zake mezani. Mbili zina vumbi. Ya tatu imeoshwa inang'aa, na imeshafungwa kwenye kompyuta yake, tayari kuonyeshwa. Akawasha. Nikaona mchezo unakimbia laini kama maziwa. Kwangu mimi habari ilikuwa imeisha.

Mutwiri hakuangalia skrini hata kidogo. Aliweka mgongo wa mkono kwenye kasha la mashine, akasema ni baridi, imepumzishwa. Akainama akainusa. Akachukua miwani yangu usoni mwangu, bila kuomba, akaangalia skrubu. Akasema zimekwaruzwa, huyu amewahi kufunguliwa. Kisha akashika moja ya zile zenye vumbi, akageuza, akasema hii haijaguswa na mtu. Akavuta kiti, akataka mashine iwachwe ifanye kazi saa nzima tukiangalia. Na kama kuna chai, tutakunywa.

Nieleze kidogo. Mutwiri hanunui ng'ombe mpaka amwone akikamuliwa jioni, alale, amwone akikamuliwa tena asubuhi. Kuna wauzaji wanaomwacha ng'ombe bila kukamuliwa siku nzima ili kiwele kijae, mnunuzi aje atamani. Yeye ameshaona hila zote za namna hiyo.

Mimi nikaona aibu. Ndugu yangu na gambuti zake za zizini, ananusa kompyuta ya watu. Nikamgeukia yule bwana nikamwambia kwa Kiingereza, haraka haraka, amsamehe, huyu ni mtu wa ng'ombe, haya mambo hayajui. Yule bwana akatabasamu. Mimi pia nikatabasamu.

Mutwiri amewauzia mameneja wa benki ng'ombe kwa miaka ishirini. Kiingereza anakielewa vizuri kuliko nusu ya darasa langu la Kidato cha Nne.

Alinirudishia miwani yangu, akatoka nje. Nikalipa. Nikachukua ile inayong'aa.

Kurudi, pikapu ilikuwa kimya mpaka Kaaga. Aliponishusha hapa langoni ndipo akafungua mdomo. "Mwalimu, ng'ombe akikufia, niite tuje tumchune."

Nilidhani ni utani wa mtu aliyekasirika. Ulikuwa utani wa mtu anayejua.

Leo baada ya kanisa nimeifunga kadi. Imeingia kama mkono ndani ya soksi. Mchezo mpya umefunguka, na nakwambia, ngano ilikuwa ngano. Ina masuke. Inapepea. Nimemwita Kendi aje aone, akaja na mwiko mkononi, akasema ni nzuri, na akauliza kama hiyo tutaivuna tule.

Saa kumi Makena akaingia. Nikamwona kwenye lango la shamba, amevaa kofia ya njano aliyonichagulia na mimi. Tukaanza kulima. Ameanza kunieleza kuhusu nyumba anayotaka kuhamia, na kuhusu mtu fulani ambaye, nikaelewa polepole, huenda akahamia naye. Alikuwa anakaribia kunitajia jina.

Feni ya kadi ikaanza kulia kama nyuki. Skrini ikawa kijani. Kisha nyeusi.

Dakika ishirini. Nimezima, nimengoja, nimewasha. Dakika ishirini tena, kijani, nyeusi. Mara ya tatu kumi na tano. Makena anasema upande wake alikuwa ananiona nimesimama katikati ya shamba, trekta linanguruma, mimi sitikisiki. Anasema alinipigia honi.

Nikampigia simu. Umekula, nimekula. Na hilo jina nalo likarudi lilikotoka, sikulisikia.

Kwa kukosa la kusema, nikamwambia ukweli. Nikamwambia kuhusu skrubu, kuhusu kunusa, kuhusu miwani iliyovuliwa usoni mwangu. Akacheka mpaka akakohoa. Nikadhani tumepona. Kisha nikamwambia nilichosema kwa Kiingereza, na kicheko kikakatika.

"Baba. Anko alisikia?"

Nikasema alisikia.

Akasema wenzake watangoja wiki moja zaidi, ataongea nao, lakini hatanipangia mbegu nyingine mpaka nimpigie Anko. Na trekta langu ameliegesha langoni, halijaenda popote. Nimelea mtoto mkali. Sijui ukali huo aliutoa wapi. Kendi anasema anajua.

Nimechukua nusu saa kupiga simu moja. Nimefagia chumba. Nimesafisha miwani zote mbili. Nimechungulia magugu dirishani, hali yangu ilikuwa mbaya kiasi hicho.

Mutwiri alipokea, nikaanza hotuba yangu, naye akaikata katikati.

"Amekufa?"

Nikamwambia anakufa kila baada ya dakika ishirini.

"Basi hajafa. Huyo ni mgonjwa. Mgonjwa hurudishwa."

Nikamwambia harudishwi, hatukuandikiana chochote, na yule bwana ameshatia pesa mfukoni. Ndipo Mutwiri akaniambia alichokuwa akifanya huko nje jana, wakati mimi nilidhani amenuna. Alikuwa ameketi na mama ya yule bwana, aliyekuwa anachambua maharagwe barazani. Alimweleza kwamba mdogo wake ananunua kitu kwa mwanawe, na akamuuliza mbele ya mwanawe alipotoka kutusindikiza, kikikataa kukamuliwa nyumbani itakuwaje. Mama akasema kitarudi, achague kingine. Mwanawe akasema sawa. Hivyo ndivyo Mutwiri hununua ng'ombe katika boma lolote: mama wa boma awe anajua. Nakumbuka nikiwaona wakiongea. Nilikuwa nimekazana kufunga kadi kwenye gazeti.

Alifanya hayo yote baada ya mimi kumdharau. Nimemwambia nisamehe. Nikasikia ndama akilia upande wake, kisha akasema, "Kule ulikosea, Mwalimu. Kwa Kimeru, usoni pangu, ungenitukana nikakujibu." Halafu akaniambia niwe tayari saa moja asubuhi, na kwamba tutachukua ile yenye vumbi, na itafanya kazi saa nzima mbele yetu, na mimi nitakaa kwenye kiti.

Kwa hivyo mambo ni hayo. Kadi ya kung'aa iko mezani, imefungwa tena kwenye gazeti lake. Kompyuta bado haina ubavu. Nimekasirika bado, ila sasa najua nimemkasirikia nani, na anaandika haya na kalamu ile ile anayosahihishia watoto wa watu.

Kesho nitabeba kadi mgonjwa, mfuko wa nduma za kuchemsha, za kumpa yule mama, na miwani zote mbili, moja ya kumpa Mutwiri.

Mdomo utabaki Kaaga.