Amina ya Kwenye Mahindi

Neema mjukuu wangu,

Hapa Ilula hatujambo, nyanya zimeiva, na bibi yako anakohoa lakini haachi kugombeza watu. Mama yako kaniambia tangu uachishwe kazi, watu wa jumuiya wakija kwako huko Mbeya kusali, unamtuma jirani aseme umesafiri kuja kwangu. Mbona sijakuona? Halafu unaniuliza mimi niliwezaje kusali nilipoachishwa kazi!

Sikuweza. Zamu ya kusalia kwetu ilipofika, nilijificha kwenye mahindi nyuma ya nyumba kwa aibu, bibi yako akawaambia nimekwenda Chunya. Basi mzee wa jumuiya, ambaye maombi yake hayaishi, akaniombea safari njema, akaombea barabara, hata gari lenyewe. Mimi nimechuchumaa hatua kumi tu kutoka kwao, nasonya, miguu imekufa ganzi. Kisha akasema, "Bwana, popote alipo, usimwache." Nikasikia mtu anaitikia "Amina" kwa nguvu. Kumbe ni mimi.

Nilipotoka, hakuna aliyecheka. Bibi yako aliongeza kikombe cha chai, basi.

Kazi haikuja upesi, ila usingizi ulirudi. Sasa acha kunichosha na maswali. Wakija tena, fungua mlango. Kama huwezi kusali, waache wasali wao, wewe itikia.

Babu yako