Mayai ya Mwisho ya Mwenyekiti

Baba Atupele, mwenzangu,

Tangu asubuhi nimekaa jikoni kwenye kigoda, mlango nimeurudishia ili kelele za nje zisiingie, nasikiliza mayai. Ndiyo, mimi! Mimi niliyekuwa nakuambia kuku wamekuroga, leo nimeinamia kikapu mpaka shingo inauma. Yameanza kulia. Ganda bado zima, lakini ndani kuna mtu anaita pii, pii, na tetea mwekundu anamjibu kwa ile sauti ya chini ya kooni. Uliniambia mama na mtoto wanaanza kuongea kabla hawajaonana, nikakuambia acha uongo wako wa Kinyakyusa. Haya, nimesikia kwa masikio yangu, na wewe hupo wa kunicheka.

Nakuandikia kwa sababu haya ndiyo mayai ya mwisho ya Mwenyekiti. Nikikosa hapa, ukoo wa jogoo wako umeishia hapa kwetu Mlandege. Atupele karudi kazini kwake Mbeya, nguo zako ndugu wamegawana, na mimi nimebaki na viti. Nataka kitu kimoja tu ulichokipenda kiwe kinapumua humu ndani. Sijui kama naomba makubwa.

Unakumbuka tulivyomleta Mwenyekiti? Hata jogoo hakuwa, alikuwa yai. Tulikwenda Mbeya kwenye harusi ya binamu yako, na badala ya kurudi na picha, ukarudi na ndoo. Ulikuwa umepita Uyole kwa yule mama mwenye kuku aina ya Kuchi, warefu, wenye midomo iliyopinda kama kasuku. Mayai ukayapanga kwenye pumba za mpunga, ncha chini, kichwa juu, ukaipakata ndoo kwenye basi kama mtoto mwenye homa. Basi liliposimama Igawa watu wote wakashuka kujisaidia, wewe ukagoma. Akaja dada mmoja dirishani na sinia lake la mayai ya kuchemsha, akaiona ndoo, akapandisha sauti.

"Kaka, unakuja kuniharibia biashara? Hayo unauzaje?"

"Hayauzwi dada yangu. Hawa ni watu, wanakwenda Iringa."

Basi zima likaangua kicheko. Mimi nikajifunika kitenge usoni, eti sikujui. Tulipofika Iringa ulishuka unatembea kama bata, kwa kubanwa, na bado ukakataa nikushikie ndoo.

Halafu lile blanketi. Jamani, lile blanketi! Umeme ulikuwepo, stoo ilikuwepo, lakini wewe ulitaka giza lililo kamili la kupimia mayai, kwa hiyo mchana kweupe tukajifunika watu wazima wawili na blanketi la kijivu, tochi ya simu chini ya yai. Nilikuwa nimekuja kulalamika kuwa chakula kinapoa. Ukaniambia, "Nyamaza kidogo, Mama Atupele. Tazama." Nikaona mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi ya kitunguu, na katikati doa dogo linaruka. "Huo ni moyo," ukasema. "Macho bado ndiyo yanaanza, miguu hana, lakini moyo umeshaanza kazi." Nikasahau chakula. Ulinukia pumba na sabuni ya mche, pumzi yako ilikuwa shavuni pangu, na sisi tulikuwa na miaka mingi ya ndoa, tena ya kugombana, lakini siku ile nilitamani mayai yawe mengi zaidi. Yale yasiyo na mbegu ukayatenga, yenye uhai ukayarudisha chini ya kuku, ukamwambia "ndaga fijo", unamshukuru kana kwamba amekupikia.

Kila wiki tukarudi chini ya blanketi. Uliniambia haya meusi, yanayoacha nafasi ya hewa upande wa kichwa tu, ndiyo mazuri, maana mtoto amejaa nyumba. Nilikuwa nikijifanya nimechoka. Sikuwa nimechoka hata kidogo.

Mwenyekiti akatoka humo, akakua na miguu ile na kifua kile, akawa anatembea uani kama anayekwenda kufungua mkutano. Jina nilimpa mimi, ukumbuke hilo. Ulipompeleka maonyesho ya Nanenane Mbeya, ulimwogesha, ukamkausha na taulo langu, ukampaka miguu mafuta yangu ya kujipaka. Nikakasirika kwelikweli. Aliposhika nafasi ya kwanza kwa majogoo wa kienyeji ukanipigia simu unapiga kelele kama umejifungua, nami nikajibu, "Na mafuta yangu je?" Cheti ukakitundika juu ya picha yetu ya harusi. Juu, si pembeni! Nilikinunia hicho cheti siku nyingi. Sasa nakifuta vumbi kabla ya picha.

Ngoja nikuambie lililompata, maana najua hakuna aliyekuambia.

Ulipolazwa, mimi nilihamia hospitali, na banda lilibaki likifunguliwa na yeyote aliyepita. Kisha ukaniacha. Ndugu zako wakaja kutoka Mbeya, wamejaa Coaster nzima, na baba yako mdogo akiwa mbele. Mimi nimeketishwa ndani kwenye mkeka, nimefunikwa khanga, mfiwa hatoki na hasemi. Wanawake wakaambiwa kuna wazee wa ukoo, wale hawalishwi kuku wa dukani, tafuteni jogoo. Nani angejua? Kwa mtu aliyekuja na sufuria, jogoo mkubwa kuliko wote uani ni jogoo wa wageni, ndivyo tulivyolelewa wote. Nikamsikia anakimbizwa. Nikaijua sauti yake, Baba Atupele. Nilifungua mdomo, mama aliyekaa pembeni yangu akadhani nataka kulia, akanikumbatia akaniambia, "Lia, mwanangu, lia." Nikalia. Hakujua nalia wangapi.

Baadaye wifi yangu, dada yako mkubwa, akaingia na bakuli. Ndani kulikuwa na firigisi peke yake.

"Baba mdogo kasema iletwe kwako," akaninong'oneza. "Mwenye nyumba sasa ni wewe."

Maisha yangu yote firigisi nimeipakua kwenye sahani ya mwanaume. Ya baba, kisha yako. Sikuwahi hata kuionja. Wanawake wote wananitazama, nikaitafuna. Ilikuwa ngumu kama mkanda wa kiatu, na ilikuwa ya Mwenyekiti, na ilikuwa yako. Sijawahi kumeza kitu kizito namna ile. Siwalaumu, walinipa heshima kubwa kuliko zote walizonazo.

Tulipoanua matanga, watu wakatawanyika, nikaenda bandani nikiwa sina hata ninachokitafuta. Kwenye pembe, yule tetea wako wa Kuchi alikuwa ameacha mayai kwenye majani. Nikajua ni ya Mwenyekiti. Nikayaweka alama ya mkaa, nikamwekea tetea mwekundu aliyekuwa ameshaanza kuatamia, na chini ya majani nikafukia msumari, maana mvua za radi zimeanza na mama yangu alisema radi inaua mayai. Najua ungecheka. Cheka.

Kupima nimepima mwenyewe, chini ya blanketi. Mkono mmoja yai, mkono mwingine simu, na blanketi linaanguka kila mara kwa sababu hakuna kichwa cha pili cha kulishikilia. Mengine yalikuwa maji matupu. Manne yalikuwa na moyo. Nikakaa mle ndani hadi simu ikaanza kulalamika chaji. Nimekukosa, mume wangu. Nimekukosa sana. Watu wananiambia muda utasaidia, na mimi naitikia "asante" kwa sababu wamekuja kwa miguu, lakini mwili wangu haujakubali kwamba hupo.

Subiri, kuna ganda limepasuka. Narudi.

Nimerudi. Wametoka. Wote wanne, Baba Atupele! Nilikaa, mikono nimeibana mapajani nisije nikawasaidia kwa haraka yangu. Wa kwanza akasukuma kofia ya ganda, akatoka amelowa, anatetemeka, nikamwinua taratibu kwenye mwanga wa dirisha nimtazame miguu.

Shingo haina unyoya hata mmoja. Uchi kabisa!

Nikamtazama wa pili, shingo wazi. Wa tatu, wazi. Wa nne, wazi. Ni watoto wa yule kishingo wa Mama Yusufu, jirani yetu wa nyuma, yule jogoo anayekohoa badala ya kuwika! Wakati sisi tuko hospitali na banda liko wazi, mwenzio aliingia kwa Mwenyekiti kama kwake, akamaliza mambo yake, akarudi kwao. Bingwa wa Mbeya! Na mimi nimefukia msumari, nimejifunika blanketi, nimesali mpaka Jumapili kanisani, kwa ajili ya watoto wa kishingo!

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, mpaka tetea akanivimbishia manyoya, mpaka machozi yakanitoka ya kicheko hasa, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Mwenyekiti hajaacha hata kifaranga kimoja, na mimi nacheka kama mwendawazimu. Nikanyoosha mkono wenye kifaranga, nikageuka nyuma, nikasema kwa sauti, "Baba Atupele, njoo uone walichokufanyia!"

Nimesema kwa sauti. Nikasubiri ujibu.

Pumzika, mwenzangu. Nakwenda kuwatwangia chenga za mahindi.

Mimi mkeo,
Mama Atupele