Bodi Iliyozaliwa na Picha na Sauti
Neema mjukuu wangu, huku Musinzira, Gitega, tuko wazima, na bibi yako bado ananishinda kwa maneno.

Unauliza kama kompyuta kuukuu uliyopewa huko Muyinga inahitaji kadi za picha na sauti. Mi fundi wa kwanza Gitega nakwambia, usinunue. Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, jirani Mama Eliya alileta sidii ya video ya salamu za mwanawe Eliya aliyebaki kule kambini. Kadi yangu ya picha ikaungua. Nikamwambia asubiri niende Bujumbura kununua nyingine. Bibi yako akaing'oa ile kadi, akachomeka waya za skrini na spika kwenye matundu ya bodi kuu ya kompyuta yenyewe. "We fundi, na haya ni ya nini?" Bodi ile ilizaliwa na vyote tumboni. Eliya akatokea kwenye skrini, akasalimia. Mama yake akamjibu kila neno, na mi nikainama kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwangu.

Babu yako